Jaji wa Kahawa ya Lempi

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, Maren Haugdahl alimwaga kahawa ya Lempi Tuomela.

Hakuimwaga kwa dharau. Aliimwaga kwa adabu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Kwanza alikunywa mafunda mawili, ili akiulizwa asiwe mwongo. Kisha alisubiri Lempi ainame kwenye tanuri kutoa mikate mitamu ya iliki, na hapo ndipo alipofungua chupa ndogo ya chai aliyoipakata chini ya meza, akamimina. Sekunde saba tu. Lempi alipoinuka na sinia lake, uso umemwiva kwa joto, alimkuta Maren ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, anatazama dirishani kama mteja aliyeridhika.

Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu.

Kahawa yenyewe ilikuwa chungu kama shubiri, na nyuma ya uchungu ule kulikuwa na kitu kingine, ladha ya ghala lililoungua kisha likazimwa kwa maji. Mtu mwingine angejidanganya mpaka akaizoea. Maren hakuweza, maana kuonja ndiyo ilikuwa kazi yake. Alisomea sayansi ya chakula chuoni, na maabara ya maji ya mji wa Duluth ilimwajiri kunusa na kuonja maji ya ziwa kabla hayajafika kwenye mabomba ya watu. Ulimi wake uliijua wiki ambayo ziwa limejigeuza, maji ya chini yakapanda juu. Ulimi wa namna hiyo haudanganyiki.

Lakini alikuja. Alitoka shamba la ngano huko Dakota bila kumjua mtu hata mmoja mjini, naye alikuwa mpole kiasi kwamba akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Siku ya nne ya kuingia katika mkahawa huu, Lempi alimwonyesha kwa kidole meza ya pembeni akasema, "Kiti chako kile, binti, nimekuwekea." Basi. Mwenye kiti chake mahali si mgeni tena, na katika mji mzima Maren hakuwa na kiti kingine isipokuwa cha maabara.

Jumatano moja ya Januari, akiwa katikati ya kumimina, simu yake ililia.

Alishtuka. Nusu ya kahawa iliingia kwenye chupa, nusu ikaingia kwenye suruali. Aliipokea simu kwa mkono uliolowa.

"Maren, samahani, najua uko njiani kwenda kazini," ilisema sauti ya Harlan Quist, mwenyekiti wa chama cha wakazi. "Nina shida ndogo. Yule jaji wetu wa mikahawa ya juu kilimani ameteleza kwenye barafu, kavunjika kifundo cha mguu. Nikasema moyoni, nani mwenye ulimi mjini hapa? Nikakukumbuka wewe."

Maren aliyajua mashindano hayo. Kila mwaka chama kilichagua mkahawa bora wa mtaani, ule ambao mwenyewe anaufungua asubuhi kwa ufunguo wake, si yale maduka yenye matawi mia. Mshindi ndiye aliyeuza kahawa kwenye sherehe ya majira ya baridi, pale ghubani, maji yakishaganda watu wakatembea juu yake. Na maneno ya majaji, pamoja na majina yao, yalibandikwa kwenye ukuta wa maktaba kila mtu ayasome.

"Mkahawa mmoja tu umebaki," Harlan aliendelea. "Jumamosi. Ni wa Lempi Tuomela. Unaujua?"

Maren alimtazama Lempi, hatua nne kutoka pale alipoketi, akipanga mikate huku akiimba puani.

"Naujua kidogo," alisema.

"Basi haina neno?"

Sababu za kukataa zilimjaa kichwani. Alikuwa mteja wa kila siku. Jaji hapaswi kuwa na upande. Na iliyo kubwa kuliko zote, angelazimika kuandika ukweli na jina lake chini yake. Lakini watu wa mji ule ukiwaomba wakubebee piano mpaka ufukweni watakwambia haina shida, halafu wataumwa mgongo kimyakimya wiki nzima. Maren alikwisha kuwa mmoja wao.

"Sawa," alisema. "Haina shida."

Alipokata simu, Lempi alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa mkononi, macho kwenye ile chupa.

"Unafanya nini na hiyo?"

"Nabeba," Maren alisema. Masikio yalimwaka. "Ya kazini."

Lempi aliweka mkono kifuani. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka hamsini na minane, mwenye sauti ya mtu aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita na kuzoea kusikika mpaka kiti cha nyuma.

"Miaka yote hii unabeba kwa kujificha? Kama mwizi wa kuku?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Kwa hiyo unaipenda hivyo."

"Siyo mbaya," Maren alisema.

"Wewe nawe. Mtu anaona haya kwa kitu anachokipenda." Lempi aliichukua ile chupa, akaenda nayo kaunta, akaijaza mpaka shingoni, akaifunga kwa nguvu. "Hii ya bure. Na kesho uje na chupa kubwa, hiki ni kikopo cha dawa. Umesikia kuna jaji anakuja?"

"Nimesikia kidogo."

"Wanasema anakuja kimyakimya, hajitambulishi. Mimi nitamjua tu. Majaji wana pua ndefu." Alifuta meza kwa muda, na alipoanza tena kusema sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unajua, wale watoto wa basi langu sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Wote huwa ghubani siku ile. Asubuhi za baridi nilikuwa nikiwaona wanapanda basi, midomo ya bluu, sina kitu cha kuwapa. Ningependa safari hii niwape kikombe cha moto mkononi. Ndiyo tu. Nyanyua mguu, kuna kahawa chini."

Maren alinyanyua mguu. Akatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake alikuja na chupa kubwa, maana aliambiwa aje nayo. Ilipojazwa ilikuwa nzito kama mtungi. Alitoka nayo mapema, na kwa kuwa ngazi za mbele zilikuwa na barafu alizunguka kwenye kona ya ukuta. Hapo akamkuta Gordon Brekke.

Gordon alikuwa mstaafu, dereva wa zamani wa treni za madini. Kila asubuhi alikaa kaunta, na mara tatu kila asubuhi alitoka nje na kikombe chake akisema anakwenda kuangalia hali ya hewa. Sasa alikuwa ameinama, kikombe kimepinduliwa, na theluji miguuni pake ilikuwa na rangi ya udongo wa mtoni. Juu yake, ukutani, palikuwa na kibao alichokiandika Lempi mwenyewe: *Wenye mbwa, tafadhali, wasijisaidie hapa.*

"Usiseme kitu," Gordon alisema bila kugeuka.

"Sijaona kitu."

"Umeona."

"Nimeona kidogo."

Gordon alisimama wima, akakung'uta kikombe. Alimtazama usoni, kisha akaitazama ile chupa kubwa.

"Na wewe hapo umebeba nini? Supu?"

Kicheko kilimpanda Maren kutoka tumboni bila ruhusa, akajaribu kukizuia kwa glavu. Mzee naye akaanza, mabega yakitikisika, na wote wawili wakacheka bila sauti, wakiogopa kusikika ndani, mpaka machozi yakawatoka na kuanza kuganda.

"Miaka mitatu," Maren alisema alipoweza.

"Mimi mitano. Tangu siku ya kwanza." Gordon alijifuta macho. "Tena mimi ndiye mwenye makosa. Siku alipofungua, mtaa mzima tulikuja. Yeye yuko mlangoni anasalimia watu, anakumbatia watoto wake wa basi, kule nyuma mashine inakaanga kahawa peke yake. Moshi ulipotoka akakimbia, akakuta zimekuwa mkaa. Hakuwa na nyingine. Akazisaga hivyohivyo, akatumiminia, amesimama pale na aproni mpya, mdomo unatetemeka. Sasa wewe ungesema nini?"

"Siyo mbaya."

"Hata kidogo. Wote tukasema siyo mbaya hata kidogo. Mimi nikazidisha, nikaomba kikombe cha pili." Alitikisa kichwa. "Cha pili, Maren. Nilitaka tu asilie."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo kila wiki anaziunguza makusudi. Alikadiria zilikaa muda gani siku ile, akapata dakika ishirini na nne. Ana saa ya kengele ya kupimia. Nimeiona."

Walitazama theluji ya kahawia.

"Mwambie," Maren alisema.

"Mimi? Nina miaka arobaini na nne ya ndoa na bado sijamwambia mke wangu kwamba siwezi samaki wake wa Krismasi. Mwambie wewe, wewe ndiye msomi."

Ijumaa Maren alimpigia Harlan Quist ili ajitoe. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ili asipotee njiani. Alipokata simu alikuwa bado ni jaji, na juu ya hayo alikuwa amekubali kupanga viti vya mkutano wa Machi.

Waswahili husema msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini hawakusema anapendwa na nani mwingine. Maren aliwaza jambo la namna hiyo Jumamosi alfajiri, akipanda kilima na fomu ya jaji ndani ya koti. Akiandika uongo, mikahawa mingine ambayo watu wake wameamka mapema na kufanya kazi vizuri itaonewa. Akiandika kweli, Lempi ataisoma pale maktaba, mbele ya watu, na Maren hatakuwa na uso wa kuingia tena kwenye mlango ule. Kwa vyovyote kile kiti kilikuwa kinaondoka.

Theluji ilikuwa imezifunika ngazi za mbele kabisa. Mlango wa mbele haukuwa umefunguliwa, ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na mbili na nusu. Alizunguka nyuma ili aazime sepetu, na alipousukuma mlango wa jikoni, harufu ilimsimamisha.

Ilikuwa ni kahawa. Siyo ile. Hii ilikuwa laini, na tamu kwa mbali kama ganda la mkate, wala haikuwa na moshi hata chembe.

Lempi alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini karibu na jiko, ndani ya sweta lililotoboka viwiko, anakunywa. Mbele yake palikuwa na birika kuukuu la bati la bluu lililobanduka rangi. Alipomwona Maren aliruka kama aliyefumaniwa, akalifunika birika kwa kitambaa.

"Mbona umeingilia nyuma?"

"Nimekuja kuchukua sepetu. Hiyo ni nini?"

"Si kitu. Ni kahawa ya yai." Lempi aliona aibu kweli. "Ya kizamani. Mama yangu alikuwa akiipika kwenye jiko la chini ya kanisa, ya watu mia mbili kwa mara moja. Unavunja yai kwenye kahawa iliyosagwa, na ganda lake, unaponda pamoja, unatia kwenye maji yanayochemka. Mwisho unamwagia maji baridi kidogo, makapi yote yanazama. Siyo kitu cha wateja."

"Naweza kuonja?"

"Wewe uliyezoea ile nzuri? Utaniona mshamba."

Lakini alimmiminia. Kahawa ilitoka angavu, rangi ya asali ya msituni, hata kitako cha kikombe kilionekana. Maren alifanya kama afanyavyo kazini: alinusa, akavuta funda dogo pamoja na hewa, akaliacha likae ulimini. Halikuuma popote. Lilipita kooni likaacha joto tu, na utamu uliokawia. Alijikuta amefumba macho.

"Wewe huinywi ile ya mbele?" aliuliza.

"Mimi? Tumbo langu haliiwezi. Nikinywa nusu kikombe silali." Lempi alicheka. "Lakini watu wanaipenda, na mimi ni nani nibishane na watu? Siku ya kwanza Gordy aliomba mpaka cha pili. Nikasema, haya, Lempi, achana na mambo ya mama yako, hawa wanataka kahawa kali ya siku hizi. Vipi, hiyo?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, na jikoni hakukuwa na mtu mwingine. Maren alifungua kinywa.

"Siyo mbaya," alisema.

"Eh," Lempi alisema, akaenda kufungua mlango wa mbele.

Kufikia saa tatu mkahawa ulikuwa umejaa, na Lempi alikuwa akimsaka jaji. Mwanamume mmoja aliyevaa miwani, mgeni kabisa, aliingia kuuliza choo kiko wapi, akatoka na mikate mitatu ya iliki kwenye mfuko na maelezo marefu kuhusu tanuri. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi alikalishwa kwa nguvu karibu na kipasha joto.

"Yule ana pua," Lempi alimnong'oneza Gordon.

"Kila mtu ana pua, Lempi. Hata mimi ninayo."

"Yako ni ya kunywea. Ya yule ni ya kazi."

Maren alikuwa kwenye kiti chake na kikombe kilichojaa mbele yake. Safari hii hakumwaga. Aliinywa yote, maana jaji hana haki ya kuhukumu kwa mafunda mawili, na jasho lilimtoka mgongoni. Kisha akaitoa fomu, akaificha nyuma ya gazeti, akashika penseli. Makaribisho: kumi. Mahali penyewe: tisa, kwa sababu dirisha linapitisha upepo. Vitafunio: kumi, na kama kungekuwa na kumi na moja angeiandika. Kahawa iuzwayo kwa wateja.

Aliandika nane. Akaifuta. Akaandika sita, akaiona inamcheka, akaifuta nayo. Karatasi ilianza kutoboka. Harlan angekuja kuichukua saa nne. Mwishowe aliandika mbili, tarakimu ndogo kabisa kama inayojaribu kutoonekana, na penseli ikabaki hewani.

"Unaandika nini, barua ya mapenzi?" Lempi alisema, akijitupa kwenye kiti cha pembeni. Maren aliifunika fomu kwa gazeti.

"Mwache, labda kapata mtu," Gordon alisema kutoka kaunta.

"Akimpata atamleta hapa nimkague kwanza." Lempi aliivua kofia yake ya kuokea, akajipepea. Kicheko kiliondoka usoni mwake kidogokidogo, na chini yake palikuwa na uchovu ambao Maren hakuwahi kuuona. "Sikiliza, binti. Hawa wengine ni marafiki zangu, watasema chochote. Wewe umesomea mambo haya. Niambie kweli. Jaji akija, kahawa yangu itafikia kiwango?"

Kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo, na kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyelazimika kujibu. Gordon kule kaunta aligeuka polepole. Maren aliyasikia maneno ya siku zote yakipanda kooni, yamejipanga, yako tayari kutoka. Akayameza.

"Ni mbaya, Lempi."

Lempi alipepesa macho. "Ya leo?"

"Ya kila siku."

Mkahawa haukunyamaza mara moja. Ulinyamaza meza kwa meza, kama taa zinazozimwa nyumba baada ya nyumba.

"Na ile unayobeba?"

"Naimwaga. Kwenye sinki la maabara. Nisamehe." Aliiweka mikono chini ya mapaja. "Imeungua. Iliungua siku ya kwanza, na watu wakakuonea huruma."

Lempi aligeuza kichwa kuelekea kaunta. "Gordy."

"Mimi nimekunywa hapa miaka mitano," Gordon alianza, "na sijawahi hata mara moja..."

"Gordy."

Mzee alikiweka kikombe chake chini. "Ile theluji nje," alisema. "Siyo mbwa."

Mama wa basi akasogeza kikombe chake mbali kidogo, kwa kidole kimoja. Mtu wa dirishani akafanya vilevile, na wa nyuma yake. Lempi aliwatazama mmoja mmoja, vikombe vile vyote vikirudi nyuma. Kisha akainuka, akaingia jikoni, na mlango wa kusukuma ukabaki unayumba.

Walisikia maji ya bomba yakifunguliwa. Hawakusikia kingine.

Maren alisimama. Alichukua koti lake, akalivaa mkono mmoja, akakikosa kitundu cha mkono wa pili. Hakuna aliyemtazama vibaya; ingekuwa nafuu kama wangemtazama. Alitoa fomu chini ya gazeti ili aende nayo kwa Harlan mwenyewe, na alikuwa katikati ya chumba mlango wa jikoni ulipofunguka kwa teke.

Lempi alikuwa amelibeba birika la bluu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umelowa maji ya bomba, au na mengine, na mdomo ulikuwa ukimcheza. Maren alifikiri atalia. Kumbe alikuwa akicheka.

"Miaka mitano," Lempi alisema. "Miaka mitano naunguza kahawa nisiyoipenda, nawapa watu wasioitaka, halafu nakimbilia jikoni kunywa nzuri kwa kujificha. Na saa ya kengele nimenunua." Aliliweka birika juu ya kaunta kwa kishindo. "Leteni vikombe. Ile mwageni. Siyo kwenye theluji yangu, Gordy, mwaga kwenye sinki kama binadamu."

Watu waliinuka kwa zamu, kwa heshima, kila mmoja akisema hapana, tangulia wewe, mpaka Lempi akawafokea kama watoto wa basi. Gordon alipata cha kwanza. Alikunywa, akakunywa tena.

"Mama yako alikuwa akipika hivi kanisani," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Naomba cha pili, na safari hii naomba kweli."

Maren alikuwa bado amesimama katikati, koti upande mmoja. Sasa aliinyoosha fomu mbele yake kwa mikono miwili.

"Kuna lingine," alisema. "Jaji ni mimi. Harlan aliniomba, nikashindwa kukataa."

Lempi alimwangalia pua. "Lakini wewe una kipua kama kitufe." Aliipokea fomu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti. "Makaribisho kumi. Mahali tisa."

"Ni dirisha."

"Najua ni dirisha. Vitafunio kumi. Kahawa..." Alisogelea mwanga. "Hii ni mbili au ni mdudu?"

"Ni mbili. Lakini sasa ukiuza hii ya yai, naweza kuionja upya, saa nne bado, naweza kuandika..."

"Huwezi." Lempi aliikunja fomu na kuirudisha. "Uliyoionja ndiyo uliyoionja. Usinifanyie huruma tena, nimeshiba huruma. Mwakani nitakuja ghubani na birika la watu mia mbili, na jaji mwingine mwenye pua yake. Mwaka huu mpe Harlan hiyo mbili yako. Ulikuwa mkarimu, mimi ningejipa moja."

Gordon alicheka ndani ya kikombe. Mama wa basi aliliona basi lake likipita dirishani, akaliacha liende. Lempi alimimina kikombe kingine, akakiweka kwenye meza ya pembeni, akakivuta kile kiti, na kwa kuwa Maren hakusogea, akamvua koti mwenyewe na kumkalisha kwa kumbonyeza bega.

"Ila kuna jambo sijalielewa," alisema, akiegemea meza. "Wewe unakaa chini kule karibu na ziwa. Lile duka kubwa la kahawa liko mlangoni pa maabara yako, na kahawa yao, watu wananiambia, inanyweka. Umepanda kilima hiki kila siku ya Mungu, kwenye barafu, kwenye upepo wa kuvunja meno. Miaka mitatu. Ulikuwa ukija kumwaga tu?"

Maren alizungusha kikombe. Angeweza kusema mikate ya iliki, na isingekuwa uongo mkubwa.

"Mikate yako..." alianza, akaacha. Aliinua macho.

"Nilikuwa nakuja kukuona wewe," alisema. "Hakuna siku niliyokuja kwa ajili ya kahawa. Nilikuja kwa ajili yako."